Simu Iliyolia Kinyonge

Fundi Kengele hakuwa na subira na watu wanaosema simu imekufa. "Imekufa mmeizika wapi?" angewauliza huku akifungua mkoba. Jina hilo alibandikwa mtaani, maana katika kazi yake ya kutengeneza simu za majumbani alipenda kitu kimoja kuliko vyote: kengele inayolia mpaka jirani akasirike.

Lakini asubuhi hiyo, alipoingia sebuleni kwa jirani yake mjane, utani ulimkauka mdomoni. Binti wa mama huyo alikuwa anapasuliwa. Hospitali ilisema kaka mtu akae karibu na simu. Damu yake ndiyo inayomfaa dada yake, na ikihitajika ataitwa mara moja. Na simu yenyewe tangu jana ilikuwa ikitoa "kri" moja kisha kimya.

Mama akanyanyua mkono wa simu, akausikiliza. "Inanguruma, mwanangu. Nzima kabisa."

"Mama, ukiinua kila mara, anayepiga anaambiwa laini ina mtu. Iweke chini, tafadhali!"

Kengele akapiga namba ya majaribio, akakata, akangoja kituo cha simu kimpigie. Kri. Akaifungua simu, akaikagua, akairudishia. Kri tena. Huenda huko hospitali wanapiga sasa hivi, na huku nyumbani kinachosikika ni mlio wa panya tu.

"Nyumba hii ina simu ngapi?"

"Ni hiyo hiyo tu," mama akajibu haraka mno. Kaka mtu akatazama dari.

Hapo Kengele akaelewa. Umeme wa kuliza kengele hutoka kituoni kwa kipimo. Simu moja inashiba; zikiwa nyingi zinagawana, na zote zinabaki na njaa.

"Mama, sikuja kumkatia mtu laini. Namtafutia binti yako damu. Ziko wapi?"

Mama akaanza kulia. Moja ilikuwa jikoni, nyuma ya ndoo. Nyingine chumbani kwake, chini ya kanga. Nyingine kwa kaka mtu. Binti alipolazwa, walimwita fundi wa vichochoroni awaongezee bila kibali, ili popote mtu alipo asikose kusikia. Loo! Mapenzi gani haya ya kujiziba masikio! Kengele akachomoa zote, akajaribu tena. Mlio ulikuwa na nguvu kidogo, lakini ulikatika njiani.

"Bado moja."

"Ipo chumbani kwa dada," kaka mtu akasema. "Ile kubwa ya zamani. Waya wake umepita juu darini. Lakini amefunga, ufunguo anao mwenyewe. Yule hataki mtu aguse mlango wake, anaweza kununa mwezi mzima."

Wakatazamana. Mama akafuta machozi kwa kiganja. "Vunja."

Kaka mtu akarudi nyuma, akaupiga mlango teke, akaupiga tena, kitasa kikaruka. Kengele akajitupa uvunguni, akang'oa waya.

Sebuleni simu ikalia. Ikalia kwa sauti nzima, mpaka vikombe vya kabatini vikatetemeka. Mama akaganda. Kengele akakimbia akapokea yeye.

"Tumepiga weee!" sauti ya muuguzi ikafoka. "Kaka yake aje sasa hivi!"

Kaka mtu alitoka mbio na kandambili mguu mmoja. Mama akakaa, mkono wake ukaanza tena kuifuata simu. Kengele akaushika, akaurudisha magotini pa mama. Hakwenda kazini. Walikaa hivyo mpaka jua likahama dirishani.

Ilipolia tena, mama alipokea mwenyewe. Alisikiliza kwa muda.

"Amefumbua macho?" akauliza. Akasikiliza tena, halafu sauti ikampasuka. "Basi mwambie mlango wake tumeuvunja. Mwambie hivyo hivyo! Apone upesi aje kutugombeza."