Pombe ya Mama Ilipolala kwa Baridi ya Kitale

Sisi tuliokulia Kitale miaka ya themanini tuliujua mwezi wa Agosti kwa pua kabla ya kuuona kwenye kalenda. Shule zilikuwa zimefungwa, mahindi shambani yameota ndevu, na kila ukipita karibu na boma la Mbukusu mwenye kijana wa kutahiriwa, unakutana na moshi wa unga uliochacha ukikaangwa juu ya bati. Harufu ile ni chachu na tamu kwa pamoja. Nikiisikia hata leo, nasimama, na shughuli nyingine itangoja.

Akina mama walikuwa wanaloweka unga wa mahindi na kuuvundika hadi uchache. Kisha wanachimba mtaro mfupi, wanawasha kuni ndani yake, wanalaza bati juu, na kuukaanga unga ule wakiugeuza kwa koleo, machozi ya moshi yakiwatiririka huku wakisengenya watu kwa furaha kubwa. Kazi yetu sisi watoto ilikuwa kuzunguka lile bati tukingoja makombo yaliyoungua kidogo. Tulitafuna hayo, tukaenda kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, tukarudi kutafuna tena. Nikiwaeleza watoto wa kaka yangu kwamba hizo ndizo zilikuwa krispi zetu, wananitazama kwa huruma, halafu wanarudi kwenye simu.

Kimea kilitoka kwa wimbi. Mama aliuloweka kwenye gunia mpaka ukachipua, akauanika, akaupeleka kwa posho mill ukasagwe peke yake, mwenye mashine akilalamika kwamba utaharibu ladha ya ugali wa watu. Unga uliokaangwa na kimea vilipokutana na maji ndani ya vyungu, busaa, pombe yetu ya nafaka, ilikuwa imeanza safari yake. Siku hizo ilihitaji ruhusa ya chifu kwa sherehe kama hii, na Baba alikuwa ameipata mapema, akaikunja na kuitia mfuko wa shati, akawa anaupapasa kila akiona mtu mwenye kofia.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi ya yote ni ule aliotahiriwa Wafula, kaka yangu, kifungua mimba wa Mama. Wazazi wangu walikuwa wametoka Bokoli, upande wa Bungoma, wakanunua kipande cha shamba Kitale nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kwa watu wa Bokoli, hata hivyo, hatukuwa tumehama. Tulikuwa tumeenda kulima tu, kama mtu aliyeenda sokoni na atarudi jioni. Mkali kuliko wote katika jambo hili alikuwa Kukhu, mama yake Baba. Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kibukusu.

Aliposikia kwamba Wafula atatahiriwa Kitale, Kukhu alimtuma mtu, halafu akamtuma mwingine, na mwishowe akaja mwenyewe, akakataa hata kuketi.

“Mutoto wa kwanza? Atahiliwe huku kwa hii balidi ya wazungu?” alimwambia Baba. “Na nyumbani iko?”

Baba alianza kukohoa. Mama ndiye aliyejibu, na kwa adabu, akiwa amepiga magoti kama ilivyokuwa desturi mbele ya mama mkwe.

“Mama, nyumbani ni hapa pia. Nitapika pombe mimi mwenyewe. Mkuje mkunywe. Ikiwa mbaya, wale wengine wadogo tutawaleta Bokoli.”

Kukhu aligeuka kuondoka. “Sawa,” akasema. “Tutakuja tuonje hiyo nyumbani yako.”

Basi mambo yote yakawekwa ndani ya vyungu vile. Mama alijua hivyo, na sisi watoto tulijua kwa sababu aliacha kuimba akifanya kazi. Alikuwa mwanakwaya, sauti ya kwanza, na nyumba yetu ilikuwa haijazoea kimya.

Kwetu pombe ya tohara ndiyo inayopanga siku. Kijana mwenyewe humwaga maji juu ya unga na kimea, watu wakishuhudia, na akishamwaga, mambo yamekwisha, hakuna kusogeza mbele wala kurudisha nyuma. Busaa itaiva, wageni watakuja kuinywa, na alfajiri inayofuata atasimama mbele ya ngariba. Wafula alimwaga maji yake vizuri, nasi tukashangilia kana kwamba amefunga bao. Kisha akachukua kengele zake, zile za mtahiriwa, akaenda kualika jamaa, akiimba na kundi la vijana nyuma yake, na kule Bokoli watu wakaanza kuulizana nani ana nafasi kwenye pikapu.

Mama alihesabu siku kama alivyofundishwa na mama yake mzazi. Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Mama yake alimfundisha Bungoma, mahali ambapo Agosti ukiacha chungu kivulini kinachemka chenyewe. Kitale Agosti ni mvua kila mchana na baridi inayoshuka kutoka Mlima Elgon. Sweta za shule tulizivaa hata likizo, moja juu ya nyingine. Na kwa kuwa Mama alikuwa ameokoka, pombe alipika kwa heshima ya mila lakini kuonja hakuonja. Alifunika vyungu vyake kwenye ghala, akavinyunyizia sala, akaendelea kupepeta mchele.

Aliyegundua ni Mama Chebet, jirani yetu, Msabaot wa huko juu mlimani. Asubuhi ya siku iliyotangulia kufika kwa wageni alituletea kibuyu cha maziwa ya kugandisha kama mchango wake wa sherehe, na kama ilivyo kwa wanawake wakiingia mahali pombe inapikwa, akaomba kuona. Alifunua chungu, akachovya kidole, akalamba. Kisha akalamba tena.

“Mama Wafula,” akasema polepole, “hii ni uji.”

“Uji namna gani?”

“Ni tamu kama ya watoto. Pombe yako imelala.”

Mama alimwita Baba. Baba alionja, akafumba macho, akatoka nje, akaenda kusimama karibu na ng’ombe. Nilimwona Mama akiketi juu ya gunia la mahindi na kufunika uso kwa leso. Nilikuwa na miaka kama tisa, na niliogopa kuliko siku yoyote ya utoto wangu, kwa sababu niliijua ile ahadi. Kichwani nilimwona Kukhu akionja, akitema, akisema si nilisema. Niliwaona wadogo zangu wakipelekwa Bokoli mmoja baada ya mwingine, na sisi tukiwa watu wa kulima tu maisha yetu yote.

Mama Chebet ndiye aliyemwinua. “Wewe unalia na pombe haijaoza? Imelala tu. Kitu kimelala si tunaamsha? Lete blanketi.”

Jamani, sijaona tena nyumba ikivuliwa namna ile. Vyungu vilihamishwa kutoka ghalani hadi jikoni, tukiviburuta kwa mikeka, na moto ukawashwa kwenye mafiga pande zote mbili. Blanketi za Baba na Mama zikavishwa vyungu viwili vikubwa. Blanketi yetu wasichana, ile ya kijivu iliyowasha ngozi, ikavishwa cha tatu. Chungu cha mwisho kilikosa, kikavalishwa sweta zetu za shule, mikono ikafungwa mbele, na kwa mbali kilionekana kama mwalimu wetu wa hesabu. Tulicheka mpaka Mama naye akacheka. Habari ilipita uzioni, na kufikia mchana wanawake wa mashamba ya jirani walikuwa wakija na shuka na makoti, wengine si Wabukusu kabisa na hata busaa hawanywi. Mjaluo mmoja aliyekuwa karani wa reli alitoa koti lake la kazi, lenye vifungo vya shaba.

Mama Chebet alichukua kimea kilichobaki akakiongeza, akasema huko kwao juu hufanya hivyo, na mtu asipofanya hivyo anywe maji. Kuni tuliokota sisi watoto, kwenye mvua, tukiimba nyimbo za tohara ambazo wasichana hawakupaswa kuziimba, na siku hiyo hakuna aliyetukataza. Tulilala tumebanana sote kwenye mkeka mmoja, bila kitu cha kujifunika, tukipigana mateke.

Kulipopambazuka Mama Chebet alikuwa ameshafika. Alituita tutege masikio kwenye chungu. Niliweka sikio juu ya sweta yangu mwenyewe, nikasikia ndani kule vitu vidogo vikinong’ona na kupasuka, pwa, pwa, pwa.

“Inaongea!” nikapiga kelele.

Mama hakuonja hata hapo. Aliweka sikio lake, akasikiliza, akaenda kuoga na kuvaa kitenge chake cha kutoka Lwakhakha, mpakani na Uganda.

Pikapu ya Bokoli ilifika saa saba, imejaa shangazi na wajomba, kuku wamefungwa miguu, na Kukhu kwenye kiti cha mbele na mkoba wake mapajani. Alishuka, akasalimia watu wote kwa mkono, “Mulembe, mulembe,” akaketi kwenye kiti alichopewa chini ya turubai, mkoba bado mapajani, viatu miguuni, mgongo wima. Hakuingia nyumbani. Hakuomba hata maji. Alikaa kama mtu aliyekuja kwa mazishi ya watu asiowajua.

Chungu kikaletwa, kikamiminiwa maji moto, wazee wakakizunguka na mirija yao mirefu ya matete. Kukhu ndiye aliyepewa heshima ya kwanza. Birika la maji moto nililishika mimi, kwa hiyo nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Alivuta. Shingo ikapanda ikashuka. Akavuta tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na leso yake aliisokota mpaka ikawa kamba.

Kukhu aliutoa mrija mdomoni. “Hii imetoka wapi?”

“Hapa, Mama,” Mama akasema.

“Hapa hapa? Na hii balidi yote?”

“Tuliifunika, Mama. Na majirani walisaidia.”

“Majirani gani?”

Mama akawaonyesha. Mama Chebet, karani wa reli aliyekuwa bado hana koti, wale wanawake wa uzioni waliosimama kwa wasiwasi na sufuria zao. Kukhu aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akavuta kwa mara nyingine, mvuto mrefu, mpaka mzee aliyekuwa kando yake akasema, “Bana, tuachie kidogo.” Watu wakacheka.

Halafu Kukhu akafanya jambo ambalo Baba alilisimulia mpaka akafa. Alivua viatu. Akampa shangazi mkoba wake. Akafunga leso kiunoni, akapita kati ya watu moja kwa moja mpaka jikoni kwa Mama, na tukaanza kusikia vifuniko vya sufuria vikifunuliwa. Mgeni hafunui sufuria za watu.

“Nani alipika hii mboga ya murere?” tukasikia kutoka ndani. “Haina chumvi! Na nyinyi watoto mnasimama hapo kama nguzo, ati hamwoni kuni imeisha? Wewe Mama Chebet, kuja hapa, shika hii.”

Baba aliinamisha kichwa, akamwambia Mama taratibu, “Mama amefika.” Na Mama, ambaye hakuwa amelia tangu siku iliyotangulia, akalia mbele ya watu wote huku akicheka, kisha akaanza kuimba sauti ya kwanza. Nilifurahi mpaka nikamwaga maji moto kwenye mguu wa mjomba.

Alfajiri Wafula alisimama imara, hakupepesa jicho. Tulikula kuku na ugali wa wimbi, viazi vitamu na maziwa ya kibuyu, na msimu baada ya msimu wadogo zangu wote wa kiume walimwaga maji kwenye vyungu vya Kitale. Kukhu alikuwa akija wiki nzima kabla, na aligombana na Mama Chebet juu ya kimea mpaka uzee wao.

Siku hizi mambo ni safi, sikatai. Mtoto wa Wafula alitahiriwa hospitali Nairobi, Desemba, kwa sindano ya ganzi, na kupona akapona akicheza michezo ya simu. Wafula akamfanyia sherehe kwenye ukumbi. Mama, ambaye sasa ndiye Kukhu wetu, mwanzoni alikataa kwenda. “Na nyumbani iko?” akauliza, nikacheka mpaka nikakaa chini, naye hakuona cha kuchekesha. Mwishowe alipanda basi na koti lake zito.

Nasikia ilifana. Kulikuwa na chakula cha kujipakulia, mvinyo mwekundu na mweupe, kila mtu na glasi yake, muziki wa kutoboa masikio. Walimweka Mama meza ya mbele, kwenye kiti kilichofungwa utepe. Alipotaka kusimama aone jikoni, msichana mmoja mwenye sare akamrudisha polepole, akamwambia apumzike tu, kila kitu kitaletwa. Na kweli kililetwa.

Aliporudi Kitale nilimtembelea. Alikuwa amekaa jikoni kwake akichambua mboga, viatu kando. Nikamuuliza vijana wa Nairobi walimpokeaje.

“Vizuri sana, mwanangu,” akasema. Akachambua majani machache zaidi, akayatupa kwenye ungo. “Walinipokea kama mgeni.”