Faili la Mama Mkwe Lilikuwa Kwenye Droo Yangu

Nimekosa mimi, wala sitamsingizia shetani. Shetani hana ufunguo wa droo yangu.

Mimi ni muuguzi katika kliniki moja Rwamishenye. Kanuni yetu ni kwamba faili la mgonjwa lirudi masjala siku hiyohiyo. Ilipotangazwa kikaoni nilipiga makofi.

Lakini mama mkwe wangu anatibiwa pale. Kwetu Wahaya, mkwe akae benchi kusubiri faili huku mkamwana wake anapitapita na sare nyeupe? Jamani, aibu ya ukoo mzima! Basi faili lake nikalifungia drooni. Akifika tu, nalitoa, anaingia kwa daktari. Watu wa masjala wakilitafuta, nawasaidia kutafuta.

Ndani nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: ASIPEWE PENISILINI. Mwenyewe jina la dawa halijui. Nilimwambia, "Mama, usijisumbue, nimeshaandika."

Msimu wa senene, wale panzi wetu watamu, nikaomba ruhusa, nikaenda kwa dada Muleba. Ufunguo nikaondoka nao.

Huku nyuma mama mkwe akaja na homa, mguu umevimba. Faili halikuonekana, wakamfungulia jipya. Walipomuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, akajibu kwa fahari, "Someni faili. Mkamwana wangu ameandika yote." Foleni ilikuwa ndefu, hakuna aliyeuliza tena. Wakamchoma sindano.

Simu ilinikuta nanyonyoa senene.

"Faili la mkweo liko wapi? Uso umevimba, hapumui vizuri!"

Niliona aibu kabla sijaona huruma, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nikasema, "Drooni kwangu." Wakavunja droo kwa nondo. Lilikuwa juu kabisa, safi, halina hata vumbi.

Alipona. Mungu ashukuriwe, maana mimi sikusaidia chochote.

Nilikwenda kwake Kagondo kupiga magoti. Akanipikia ndizi, akasema, "Mwana wange, nimekusamehe. Ila ungeniacha tu nipange foleni."

Mimi nilihamishiwa masjala. Kila jioni nazunguka kwa madaktari kudai mafaili, nao wananiambia, "Kesho, sista."

Wenzangu mnaoficha faili la mtu kwa sababu mnampenda, lirudisheni leo kabla hamjavua sare!

Mama mkwe siku hizi anatibiwa Muleba. Gari analopanda linapita mbele ya kliniki yetu, anakwenda kukaa benchi na watu wasiomjua. Nasikia anasema kule yuko salama, hana ndugu.