Siku Nilipoutafsiri Muswada kwa Kimatengo

Nawasimulia nyie kwa sababu najua mtacheka halafu mtanisamehe, lakini kule Mkumbi kwa Wamatengo, nilikoolewa, mpaka leo kuna watu nikikutana nao naangalia chini, na yote ni kwa ajili ya mkutano mmoja wa hadhara ambapo mimi, mtoto wa Liuli, mtu wa ziwani, niliwainua watu kwenye viti na kuwaongoza mpaka kwa baba mkwe wangu, tukamkuta hana suruali. (Subirini, nitafika huko.)

Chama chetu cha ushirika cha kahawa kilikuwa kimeyumba vibaya, serikali ikatoa fedha kukinusuru, na sehemu ya fedha hizo ikanunua mashine ya kumenya kahawa. Sasa hiyo mashine kila mtu aliisikia na hakuna aliyeiona, kwa sababu iliingizwa ghalani moja kwa moja ikafungiwa kumsubiri fundi, na mwenyekiti wa chama, Mzee Gaudensi, ambaye ndiye baba mkwe wangu, ni mtu mgumu. Ukimuuliza anakujibu, "Mali ya chama haiangaliwi kama samaki mnadani." Basi maneno yakaanza. Wengine wakasema mashine haikununuliwa, wengine wakasema ilivushwa ziwa ikauzwa Malawi, na ilifika mahali hata kanisani watu hawataki kukaa naye benchi moja. Mama mkwe alikonda. Mimi iliniuma, maana yule mzee namfahamu, hata embe la jirani likianguka uani kwake analirudisha.

Wakaja wataalamu kutoka Dodoma kukusanya maoni. Kulikuwa na muswada wa sheria, haujapitishwa bado, wa kuwapa wakaguzi nguvu zaidi ya kufuatilia fedha ambazo serikali inatoa kuokoa vyama na mashirika yaliyokwama. Nilifurahi mno, nikajisemea sasa ukweli utajulikana, nikavaa kitenge changu cha Pasaka nikaenda kukaa mstari wa mbele kabisa na mama mkwe. Baba mkwe hakuwepo mkutanoni, maana wageni walipangiwa kutembelea ghala alasiri na yeye alikwenda huko tangu asubuhi kufagia na kupanga magunia.

Mtaalamu mkuu alikuwa mwanaume mpole mwenye miwani, lakini Kiswahili chake, jamani, "uwajibikaji wa kitaasisi", "ukwasi", "mamlaka ya udhibiti", watu wanatazamana tu. Bibi mmoja, Bibi Kordula, akanyoosha mkono akasema, "Mwanangu, Kiswahili tunakijua, ila hicho chako kimevaa tai. Hakuna wa kutuambia kwa Kimatengo?"

Mwalimu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo alikuwa amekwenda msibani. Mtendaji wa kata ni mtu wa Tunduru, Kimatengo hajui hata cha salamu. Akauliza nani anaweza kusaidia, watu wakaoneana haya, na hapo ndipo nilipofanya kosa la maisha yangu, nikasimama.

Niseme ukweli, Kimatengo changu ni cha kuuzia dagaa. Naweza kupatana bei, naweza kugombana, naweza kumsalimia mkwe, basi. Mama mkwe akanivuta kitenge chini chini, "Mama Fausta, una uhakika?" Nikamwambia, "Mama, nimekaa huku miaka yote hii, nishindwe?" Nikapanda mbele.

Na mwanzo ulinikubali kwelikweli. Mtaalamu anasema kidogo, nami nasema (tena namrefushia kidogo), watu wanaitikia kwa vichwa, akina mama wananipigia makofi, nikaanza kutembea huku na huku kama mhubiri, nikasahau kabisa kwamba mimi ni mtu wa kuuza dagaa. Kisha yule bwana akafungua ukurasa mwingine akasema, "Muswada unapendekeza kwamba mdhibiti awe na mamlaka ya kuingia katika ghala lolote la chama kilichonusuriwa, na kukagua mali bila kutoa taarifa."

Nikatafuta neno la "unapendekeza" kichwani, halipo. Nikaweka "imesema". Neno la "muswada" halipo, nikaweka "sheria". Nikatafuta la "mdhibiti", jasho likaanza kunitoka na baridi yote ile ya Mkumbi, watu wananisubiri, mwishoni nikasema "mwenye macho". Kwa hiyo maneno yaliyotoka kinywani mwangu, mkiyarudisha kwa Kiswahili, ni haya: "Sheria imesema, mwenye macho aingie kwenye ghala la chama chetu, aone mali, na asibishe hodi."

Kisha Bibi Kordula akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Mimi macho ninayo." Akaondoka.

Mkutano mzima ukainuka nyuma yake. Wazee wenye fimbo, akina mama wenye watoto mgongoni, vijana wanaimba, njia ya ghalani imejaa, na mimi nimebaki pale mbele na mkono bado uko hewani. Mtaalamu akaniuliza, "Wanakwenda wapi?" Badala ya kusema ukweli nikamjibu, "Wanakwenda kunyoosha miguu, ndiyo desturi ya huku." Akafurahi, akasema ni desturi nzuri, akawaita wenzake nao wakajiunga, na mafaili kwapani.

Nikakimbia kuwazuia. Nilikimbia, nawaambieni, na viatu mkononi, nikawapita wote nikafika mlangoni wa kwanza nikiwa sina pumzi ya kusema neno, na wao walivyoniona nimetangulia wakazidi kushangilia, wakidhani ninaongoza. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nyuma yangu sauti zinasema, "Mama Fausta, wewe ndiye uliyetuletea hiyo sheria, sukuma." Nikageuka ili niseme hapana, umati ukasogea, mgongo wangu ukasukuma mlango, nikaingia kinyumenyume mpaka katikati ya ghala, na nilipogeuka nikaonana na baba mkwe wangu uso kwa uso.

Juu alikuwa amevaa vizuri, shati jeupe, tai, koti. Alikuwa amemaliza kufagia, anabadili nguo ili awapokee wageni kwa heshima. Chini alikuwa na soksi, na bukta ya bluu, na mguu mmoja ndani ya suruali.

Kwa mazoea ya uungwana wake akasema, "Karibuni."

Nyie mnajua mkamwana na baba mkwe. Kwetu hata stuli aliyokalia hukalii. Nilifunika uso kwa viganja vyote viwili nikapiga magoti palepale kwenye vumbi la kahawa, nikasema "Shikamoo baba", maana sikuwa na neno jingine, naye akaitikia "Marahaba" kwa sauti ndogo, nikasikia anarukaruka kwa mguu mmoja kujificha nyuma ya kitu kikubwa kilichofunikwa turubai. Na katika kujivuta akaliburuta turubai likadondoka.

Ikatokea mashine. Ya kijani, mpya, bado na nailoni zake za kiwandani.

Hakuna aliyemwangalia mzee tena. Bibi Kordula akaisogelea, akaipapasa taratibu kama mtu anayempapasa ng'ombe, akasema, "Ipo." Wakapokezana nje, ipo, ipo, vigelegele vikapasuka, vijana wakaingia kuigusa, na mama mkwe nikamwona kwenye upenyo wa vidole vyangu amesimama mlangoni anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Baba mkwe akatoka nyuma ya mashine akiwa na suruali, tai imekwenda begani. Mtaalamu ndiye aliyeuliza, "Na huku ndiko mnakonyooshea miguu?" Ikabidi mama mkwe amweleze nilichotafsiri, neno kwa neno. Yule bwana akavua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema kwa upole kwamba sheria bado haijapita, ni mapendekezo, na mdhibiti si kila mtu. Watu wakaniangalia. Nikatamani ardhi ifunguke.

Lakini Bibi Kordula akakaa juu ya gunia, akasema, "Basi andika alivyosema huyu mkamwana wa mzee. Mkaguzi wenu aje bila taarifa, sawa, na sisi wenye chama tuoneshwe pamoja naye. Tungeiona hii mashine siku ilipofika, tusingemtukana mtu." Akamgeukia baba mkwe akamwomba radhi mbele ya wote, na wengine wakafuata. Mzee akasafisha koo akasema na yeye anaunga mkono, alikosea kuifungia, ila angependa muswada huo uongezewe kifungu cha kubisha hodi. Ghala likacheka mpaka mabati yakalia. Mkutano ukaendelea humohumo ghalani.

Mimi nilikimbilia nyumbani nikajifungia. Nilifunga na nguo nikitaka kurudi Liuli, mama mkwe akanikataza, akasema jambo hili lina jogoo wake wa kuombea radhi. Jumapili baada ya misa nikampelekea mzee jogoo mwekundu, nikakaa nje ukutani kama inavyotakiwa, mama mkwe akaingia kunisemea. Nikasikia jogoo anahangaika humo ndani. Kisha sauti ya mzee, "Mwambie nimepokea." Akaongeza, "Na mwambie leo kanisani benchi lilijaa."

Nililia mpaka mama mkwe akaniletea maji.

Kwa hiyo mimi nimekoma. Nikienda mkutanoni siku hizi nakaa nyuma kabisa, na mtu akiuliza nani anajua lugha fulani, hata kama ni Kinyasa nilichonyonya ziwani na maziwa ya mama, mikono yangu miwili naiweka chini ya makalio naikalia mpaka apatikane mwingine.