Mama wa Chifu Alinyamaza

Nimecheza tamthilia hapa Kamina tangu nikiwa msichana, na kwa miaka mingi nilichopewa ni kubeba sinia. Wengine walisema, mimi niliinama na kutoka. Padri wa parokia yetu alikuwa akituonyesha sinema kwenye ukuta wa ukumbi, na humo alirudi mara kwa mara mzee mmoja Mwingereza, mwigizaji mkubwa wa jukwaani na wa sinema. Padri alituambia kuwa naye alianza kwa kubeba sinia, hadi akapewa wafalme. Nilimtazama sana. Alijua kunyamaza mpaka watu wakaacha kutafuna karanga.

Kisha kundi letu likaalikwa Lubumbashi, na mwanamume aliyetutungia michezo na kutuongoza akanipa nafasi ya mama wa chifu. Mama yangu aliniazima liputa, kitenge chake cha harusi, nijifunge.

Siku ya safari nilifika gare na begi langu. Wenzangu walikuwa wamekaa juu ya mizigo, wakingojea treni, ndipo kiongozi wetu akaja na shemeji yake mdogo.

"Huyu njo atacheza mama wa chifu," akasema. "Weye, sauti yako iko ya kuuzisha sombe. Kule bantu batatucheka. Rudia nyumbani."

Nikamwuliza kama naweza basi kubeba sinia. Akasema nafasi zimejaa. Wenzangu wakaangalia reli. Nilirudi kwa miguu kupitia sokoni, na wauza sombe na mboga nyingine wakaniuliza kama treni imekufa.

Sikulia. Nilihamia Lubumbashi kwa dada yangu, nikaingia katika michezo ya redio, baadaye ya televisheni, na watu wakaanza kunisimamisha barabarani wakiniita kwa majina ya wanawake niliowacheza. Nilipokariri maneno jikoni, ni yule kiongozi wetu niliyekuwa nikimwambia.

Mwaka jana alinipigia simu mwenyewe. Mchezo uleule ungechezwa Kamina mbele ya wakubwa wa jimbo, yeye akiwa chifu, mimi mama yake, na alitaka watu wanione. Nilikubali haraka hata akashangaa.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Katika tukio la hukumu, alisimama, akamnyooshea mwizi kidole, na maneno yakamtoka kichwani. Nilikuwa karibu naye, nimewapa watu mgongo. Ningetikisa midomo tu angeyapata, maana mchezo wote niliujua.

"Mama, nisaidie," alinong'ona.

Nilifumba kinywa, nikamtazama jinsi yule Mwingereza alivyokuwa akitazama. Jasho likamshuka hadi kwenye ndevu za pamba. Kisha nikageukia watu, nikasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Mwanangu, bantu bote beko nangoya sauti yako."

Wakacheka. Mtu akapiga mluzi. Akatoka jukwaani kidole bado kimenyooka. Hukumu niliitoa mimi, na mchezo nikaumaliza.

Nilimkuta nyuma ya pazia, amekaa juu ya kreti ya soda. "Ile maneno ulikuwa nayo mu kinywa," akasema.

"Nilikuwa nayo, Papa."

Mimi nilikuwa navua shanga.

Hakupanda tena jukwaani; nilirudi kukaa hapa Kamina, na kundi sasa naliongoza mimi. Tukikutana baada ya misa namsalimia kwa mikono miwili, namwuliza habari za afya, na raha yangu haijapungua. Mama yangu aliniambia nikamwombe msamaha. Nilimjibu kwamba nitaona.