Kandambili Ilifika Mapema

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwa watoto wa darasa la sita na kwa wazazi wao alikuwa Mwalimu Filimbi, maana filimbi ilining'inia shingoni mwake hata msibani. Tangu mafuriko yaingie darasani na kuondoka na madawati, aliapa kwamba maji hayatamkuta tena amekaa.

Basi kila Jumamosi wanafunzi na wazazi wao walishika makoleo, wakazibua mtaro unaoteremka kutoka shuleni; na siku yoyote filimbi ikilia, lilikuwa zoezi la kuwatoa watu majumbani na kuwapandisha shuleni. Baba mmoja, fundi mwashi, alinung'unika, "Mwalimu, nilimleta mtoto asome, sasa nasoma mimi."

"Na bado unafeli. Chota tope hilo, baba."

Walizibua mpaka nyumba ya mwisho yenye mtoto shuleni. Mbele yake lilibaki kalvati tu, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara kuu, na hilo kila mtu alisema si lake. Wenye maduka walisema ni kazi ya serikali. Serikali haikusema kitu. Kalvati likabaki limekabwa na magodoro na matairi. Na mlango uliotazamana nalo ulikuwa wa dada yake Mwalimu, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao afe.

Siku ya kupima kazi yao yalianguka manyunyu. Kipimo chao kilikuwa kandambili moja, inatupwa mtaroni pale shuleni, watoto wanaifuata. Zamani ilikwama kila kona, mpaka wengine wakaichoka wakaenda kucheza. Safari hii iliteleza kama iliyoitwa. Watoto walikimbia, wakatweta, wakaachwa. Waliikuta kalvatini, inazunguka mbele ya mlango wa yule dada, haina pa kwenda.

"Imetushinda, Mwalimu! Imetushinda!"

Mwalimu alinyanyua mkono ashangilie nao. Mkono ukabaki hewani. Kama kandambili imefika hivi kwa manyunyu, mvua yenyewe je? Lile tope walilolilaani ndilo lililokuwa likiyachelewesha maji. Wamemfagilia mgeni njia, na mlango wa kutokea hawakuufungua. Akageuka nyuma. Vilima vya juu ya shule vilikuwa havionekani tena kwa mvua.

Aliingia kwa dada yake bila hodi. "Dada, toka. Sasa hivi."

Dada hakuondoa mguu kwenye pedali. "Wewe na mazoezi yako! Juzi umenitoa mbio, mboga yangu ikaungua."

"Leo si mazoezi."

"Na juzi ulisema hivyo hivyo."

"Dada, safari hii tumekuletea sisi."

Cherehani ikanyamaza. "Mmeniletea nini?"

Kule juu mtaro ulikuwa umeanza kunguruma.

Mwalimu akapuliza filimbi. Watoto walijua somo lao: mtu mzima mbishi habebwi, beba anachokipenda, atafuata mwenyewe. Wakainyanyua cherehani na kichwa chake na meza yake, gauni la mteja likiburuta, wakapanda nayo mlima. Dada akawafuata pekupeku, matusi yakimtoka kama mahindi yanayopukuchuliwa.

Barazani pa shule ndipo alipogeuka. Maji yalikuwa yameshapita pale walipopita. Yalikuja kwa mkupuo, hayakukwama kona hata moja, yakagonga kalvati, yakarudi, yakaingia kwake. Halafu kwa jirani. Milango ya mtaa wa chini ilikuwa imefungwa. Waliokuwa ndani filimbi waliisikia wote. Walicheka wakasema, Mwalimu huyo na michezo yake.

"Mwalimu," mtoto mmoja akauliza polepole, "si tulizibua vizuri?"

"Vizuri sana, mwanangu. Hapo ndipo tulipokosea. Kaeni hapa, asishuke mtoto."

Fundi mwashi alishachukua kamba. Mwalimu akaiuma filimbi, akashuka naye. Dada akamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo pale hakuna aliyewahi kulisikia. Hakugeuka. Waliisikia filimbi ikilia huko chini, mlango kwa mlango. Halafu mvua yenyewe ikafika, wasisikie kitu kingine.