Zaina na Vibao Vinane

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, Zaina Ramazani huinama juu ya kompyuta yake, huandika namba ya mashine ya barua, na kuuliza mtandao: huyu ni nani? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa moja, hajulikani. Zaina alikuwa akisema "bon", kama mtu aliyeambiwa mvua bado inanyesha, ndipo akageuka na kumsalimu Benie.

Benie ndiye aliyeandika barua za kituo cha mbegu, na meza zao zilitazamana. Maneno yake yalikuwa machache, lakini barua zake zilikuwa nzuri, ila zilikuwa zinarudi bila kupokelewa. Zaina alikuwa amewaondoa wote kwenye anwani zao za kila mtu na yake, akawawekea mashine yao wenyewe ya barua pepe. Mashine za watu wa mbegu wa nchi za mbali zilizikataa barua zake. Kupata namba kutoka kwenye jina la mashine ya Zaina kuliwezekana. Mashine hizo zilitaka pia njia ya kurudi, kutoka kwenye namba hadi kwenye jina, na njia hiyo haikuwapo.

Zaina alimpa papa Hilaire, mkurugenzi, neno lake: barua zisipopokelewa kufikia Ijumaa, ataizima mashine kwa mkono wake, na wote warudi kwenye anwani za zamani.

Jumatano alimpigia simu Trésor, fundi wa kampuni iliyowapa mtandao, kule Kinshasa. Benie aliacha kuandika ili asikie.

"Mama Zaina, mulipewa namba nane tu," alisema Trésor. "Njia ya kurudi ya namba zote mia mbili na kitu iko kwangu. Naweza kukupatia yote, ama nisikupatie kitu. Haikatwi katikati."

"Trésor, kwenu muko na chef d'avenue, mukubwa wa mutaa?"

"Tuko naye. Anasumbua."

"Mugeni akimuuliza watoto wa parcelle fulani, wa nyumba fulani, wanaitwa nani, anajua?"

"Atajua wapi? Anamuonyesha mulango, mugeni anauliza mule ndani."

"Donc na weye fanya vile. Avenue ibaki yako. Kwa kila namba yetu, weka kibao: majina ya hapa, muulize kwa Zaina. Vibao nane, basi. Mi nitajibu mulangoni."

Kwenye simu ikasikika sauti ya vidole vikipiga herufi.

"Kumbe watu wanafanyaka vile," alisema Trésor polepole. "Iko hata na maelezo yake. Alors, mashine za kujibu mulangoni, muko nazo mbili?"

"Mbili."

"Ziko wapi?"

"Moja chini ya meza yangu, moja chini ya meza ya Benie."

Trésor alicheka mpaka akakohoa. "Mama, courant ya umeme ya Tshopo ikikatika, zinalala pamoja kama bwana na bibi. Barua yenu iko njiani, mutu anauliza jina, hakuna wa kujibu. Siweki kibao mpaka moja ihame."

Zaina hakukasirika. Alikuwa amekwisha kuinama chini ya meza ya Benie, anachomoa nyaya.

Kituo kilikuwa na shamba la majaribio Lubunga, ng'ambo ya mto, lenye paneli za jua na antena yake ya setilaiti. Alhamisi asubuhi walivuka kwa pirogi, mtumbwi wa kasia, mashine ikiwa ndani ya beseni, imefunikwa plastiki mara mbili kama mtoto mwenye homa. Benie alishika upande mmoja, Zaina upande wa pili.

"Ni redio?" aliuliza mpiga kasia.

"Ni mashine ya kujibu majina," alisema Zaina.

"Iniambie basi mi naitwa nani."

"Weye bado haujapata namba."

Mpiga kasia alicheka, na pirogi ikayumba. Benie alilikumbatia beseni zima.

Katika kijumba cha shambani mashine iliwaka. Majina manane yalivuka kutoka mashine ya kwanza, na Zaina alipoyaona kwenye skrini alimpigia Trésor. Kibao baada ya kibao, Trésor alisoma kwa sauti na Zaina akaitikia, mpaka cha nane.

"Benie, tuma."

Benie alituma. Barua ikarudi. Hajulikani.

Benie aliketi juu ya gunia la mihogo. Zaina aliisoma barua ile mara ya pili, akainua uso uliojaa furaha.

"Bado wanakumbuka jibu ya zamani. Mutandao hausahau papo hapo. Twende tukule."

Wakala lituma, ndizi za kupondwa, na samaki kwa mlinzi wa shamba, na Benie hakuisikia ladha yake hata kidogo. Waliporudi alituma tena. Wakangoja, vichwa viwili mbele ya skrini moja. Barua haikurudi. Kilichokuja ni jibu la mtu, mistari miwili kutoka mbali: tumepata barua yako, tutumie orodha ya mbegu.

Zaina alipiga makofi, akamzungusha Benie mle ndani ya kijumba mpaka wakagonga mlango. Alimpigia papa Hilaire akicheka, maneno yakimkwama. Papa Hilaire akauliza kama ni hakika, akaambiwa ni hakika, akasema basi mashine ikae.

Wakati wa kurudi, wakishuka kuelekea mtoni na beseni tupu, Benie alikusanya ujasiri.

"Ya Zaina, dada yangu, kama wangekataa, kweli ungeizima?"

"Ningeizima," alisema Zaina. "Nilimpa papa Hilaire neno langu. Ningeizima, ningeenda kulia nyumbani, na Jumatatu ningekuja kazini."