Skrubu ya Breki na Mkono wa Jirani

Jumamosi, 12 Aprili 2025. Mvua ilipiga tangu alfajiri, ikakatika saa tatu, kisha jua likatoka na joto la kufukuta.

Mwinyimvua, muuza vifungo na zipu wa Kariakoo, hakufungua duka siku hiyo. Alichutama uchochoroni nyumbani kwake, Mchafukoge. Gari lake kuukuu lilikuwa juu ya jeki, tairi moja la nyuma limevuliwa, na oili ya breki ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye skrubu ndogo ya kutolea upepo.

Mkwewe, Bi Nasma, alikuwa anakuja kesho yake kwa boti kutoka Unguja. Bi Nasma gari la kukodi hapandi, na ana desturi yake: hulala kwa yule aliyempokea bandarini. Safari mbili zilizopita alipokewa na mwanawe Ismail, mwenye gari jipya, akakaa kwake Upanga mpaka siku ya kurudi. Siti, mke wa Mwinyimvua, alikuwa akienda kumwamkia mama yake sebuleni kwa watu.

"Safari hii mama analala kwangu," Siti alisema. "Breki zikikataa nitampigia Ismail mwenyewe, lakini wewe usinitazame usoni."

Fundi wao, Eliasi, anakaa Magomeni, na maji yalikuwa yamefunga barabara ya Jangwani. Mwinyimvua akachukua spana, akakaza. Oili ikakatika kidogo, halafu ikarudi.

Hapo uchochoro mzima ukaanza kusaidia. Mtaani kwao mtu hapiti penye gari lililo juu ya jeki bila kutia mkono. Ni kama kupita msibani bila kutoa pole. Muuza kahawa akaweka birika chini, akakaza. Mpangaji wa ghorofa ya pili akakaza. Ghassan, jirani muuza mapazia, mwenye mabega ya kubeba majora ya vitambaa, akakaza mpaka akaguna.

"Huna mkono, Mwinyi. Spana inataka mtu aliyekula."

"Mbona sasa inavuja zaidi?"

Kweli, ilikuwa inachuruzika. Siti akampigia Eliasi, akaweka simu spika.

"Mmekaza watu wangapi?" Eliasi aliuliza.

"Uliza nani hajakaza."

Eliasi akacheka. "Shemeji, ile haizibi kwa nguvu. Inayoziba ni ncha yake, ile iliyochongoka. Ikishachakaa, kukaza ni kuimaliza. Na ikikatikia ndani, gari halitoki leo wala kesho. Nunueni mpya. Nendeni na hiyo ya zamani kama sampo."

Wakaifungua. Ncha ilikuwa imelika kama penseli ya mtoto. Tundu nalo likabaki wazi, oili inatoka. Siti akamgeukia Ghassan.

"Jirani, si ulitaka kusaidia? Ziba kwa kidole."

Ghassan akachutama, kidole tunduni, huku vijana wakipita.

"Shikamoo mzee Ghassan! Umepoteza nini huko?"

"Marahaba. Piteni zenu!"

Mwinyimvua alikwenda kwa miguu mpaka kwenye maduka ya spea, Gerezani. Muuzaji wa kwanza alichovya mkono koponi, akatoa skrubu bila hata kuitazama.

"Hii inaingia, mzee."

"Kuingia itaingia. Kuziba je?" Mwinyimvua aliisimamisha kando ya ile ya zamani, mpya ilikuwa fupi. Alizunguka maduka kadhaa mpaka akapata inayolingana urefu na mchongoko.

Aliporudi akaifunga, akamimina oili mpya, Siti akakaa kwenye usukani.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!" Akalegeza skrubu, oili ikatema mapovu, akafunga. "Achia!"

Wakarudia mpaka oili ikatoka safi bila povu. Mwinyimvua akamalizia kukaza spana kwa nguvu ya kiganja tu, taratibu. Pakawa pakavu.

Ghassan alisimama, akajifuta kidole. "Nipe spana nimalizie. Robo tu."

Mwinyimvua, mtu wa haya, alikuwa tayari ananyoosha mkono. Siti akashuka, akaiwahi spana, akaiweka kwenye kiti cha dereva, akaikalia.

"Njoo uichukue."

Ghassan akakumbuka kwamba dukani kwake kuna wateja.

Asubuhi yake, kabla ya chai, Mwinyimvua alipitisha kipande cha gazeti nyuma ya gurudumu, kikatoka kikavu. Akashika njia ya Mnazi Mmoja, akikanyaga breki hata pasipokuwa na sababu. Bandarini alimkuta Ismail getini, amekuja kama safari zilizopita, akichezea funguo za gari. Bi Nasma alipotokeza, Mwinyimvua alimwamkia, akampokea begi, akalitia kwenye buti, kisha akamfungulia mlango wa mbele, naye akapanda.